Kito Kinachonuka cha Ukoo wa Pimbi

"Choo! Umekwenda kisimani, mbele za watu wote, ukajisifia choo!"

"Sikusema choo, Mama Kokoto. Nilisema kito."

"Kito kipi hicho, ambacho mimi niliyeolewa humu miaka yote sijakiona?"

"Cheusi. Kinang'aa. Kimeshikamana na jabali letu, pale nyuma, upande wa machweo."

"Baba Kokoto! Pale nyuma, upande wa machweo, ni chooni!"

Ngojeni kwanza, ngojeni. Tumeingia nyumba ya watu katikati ya ugomvi, bila hata kupiga hodi. Hiyo si adabu. Turudi nje tuanze upya.

Hodi ya hadithi!

— Karibu hadithi!

Nije na kweli?

— Iache nje!

Nije na uongo?

— Mpishe akae!

Basi hapo zamani, katika nchi kavu ya vilima vyekundu na migunga yenye miiba, aliishi Pimbi na mkewe na watoto wao watatu. Mkubwa aliitwa Kokoto, wa kati Changarawe, na mdogo kabisa Mchanga. Nyumba yao ilikuwa ufa ndani ya jabali. Asubuhi walitoka wakalala juu ya jabali kuota jua. Jua likikaza waliingia ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao, na waliifanya kwa bidii.

Pimbi mnamjua. Ni mnyama mdogo, wa mviringo, ukimwona kwa mbali utadhani ni kiazi kilichoota manyoya. Mkia hana. Ukimuuliza uko wapi, atakwambia aliukataa. Na mtu akitaka kumdharau mwenzake humwita pimbi, wala hahitaji kuongeza neno.

Sasa, pimbi wana desturi moja: hawajisaidii ovyo. Ukoo mzima una choo kimoja, pahali pamoja, juu ya mwamba mmoja. Alipojisaidia babu ndipo atakapojisaidia mjukuu. Mkojo unakauka, mwingine unakuja juu yake. Huo nao unakauka, mwingine unakuja juu yake. Miaka mia, miaka mia mbili. Mwisho unakuwa ukoko mnene, mgumu, mweusi, unaong'aa juani kama lami.

Siku hiyo kisimani kila mnyama alikuwa anajisifu. Mbuni alisifia yai lake. Nungunungu alisifia miiba yake. Twiga hakusema kitu, alisimama tu, na kule kusimama kulikuwa kujisifu. Pimbi akatafuta mwilini mwake kitu cha kusifia. Akatazama mbele, akatazama nyuma, na nyuma hapakuwa na kitu. Mdomo ukamuwasha.

"Kwangu kuna kito," akasema. "Nyie mnajua akiki, inayofukuza husuda. Mnajua feruzi, inayopauka mwenye kuivaa akiugua. Mnajua zumaridi, ambayo nyoka akiitazama macho yake hupofuka. Hivyo vyote ni vito vya kuokota. Kito changu ni cha ukoo. Babu alikianzisha, baba akakikuza, na mimi nakiongeza kila siku kwa jasho langu."

Na kwa kweli, ndugu zangu, hakusema uongo, isipokuwa neno moja tu: jasho.

Upande wa pili wa kisima, Kifaru alikuwa anakunywa maji. Akaacha kunywa. Akainua kichwa.

Kila kizuri katika nchi ile kilikuwa cha Kifaru. Dimbwi la tope lilikuwa la Nyati, Kifaru akalichukua. Udongo wa chumvi ulikuwa wa Swala, Kifaru akauchukua. Mgunga wenye kivuli kipana ulikuwa wa wote, Kifaru akauchukua. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, maana Kifaru akiulizwa kwa nini hujibu kwa pembe.

Pimbi aliona kichwa kile kikiinuka. Akanyamaza papo hapo. Lakini alikuwa amechelewa kunyamaza kwa maneno kama thelathini hivi. Akakimbia nyumbani mbio, akajitia ndani ya ufa, akamweleza mkewe. Na ndipo pale tulipoingia sisi bila hodi.

"Haya," alisema Mama Kokoto. "Na nani mwingine alikusikia?"

"Mbuni. Nungunungu. Twiga."

"Na nani mwingine?"

"Shashi." Shashi ni yule ndege mwenye mdomo mwekundu anayekaa mgongoni mwa Kifaru akila kupe.

"Na Shashi alikuwa amekaa juu ya nini, Baba Kokoto?"

Pimbi akatazama miguu yake.

Gu! Gu! Gu! Ardhi ikaanza kutikisika.

"Labda ni mvua," alisema Pimbi.

"Mvua haina miguu minne," alisema mkewe.

Gu! Gu! Gu! Halafu, pwaaa! Jabali likapigwa pembe. Vumbi likamwagika kutoka darini. Mchanga, yule mdogo kabisa, akabiringika kutoka kitandani, bidi-bidi-bidi, akaishia chini ya tumbo la mama yake. Juu ya vichwa vyao ukatokea mstari mwembamba wa mwanga, mahali ambapo hapakuwa na mwanga.

"Pimbi!" sauti ikanguruma nje. "Toa kito! Usipokitoa nang'oa jabali hili nikitafute mwenyewe!"

Mama Kokoto akachungulia kwenye ule mstari wa mwanga. Akaona anga, na katika anga akaona Tai, anazunguka taratibu, hana haraka. Tai huyo walimjua. Pimbi mwenye ufa ni jirani wa Tai. Pimbi asiye na ufa ni chakula chake.

"Toka," akamwambia mumewe.

Pimbi wakati huo alikuwa amejificha nyuma ya Mchanga, na Mchanga ni mdogo kuliko embe.

"Nitoke nikafanye nini? Yule ni Kifaru. Mimi ni pimbi. Hata mkia sina."

"Leo umekubali kwamba huna?"

"Leo nakubali kila kitu."

"Basi toka. Balaa umelileta kwa mdomo, mdomo huo huo ukaliondoe."

Akamsukuma. Pimbi akatoka kinyumenyume, akageuka, akajikuta ana kwa ana na matundu mawili ya pua, kila moja kubwa kuliko mlango wa nyumba yake.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," alisema, na sauti ikatoka kama ya kifaranga.

"Marahaba. Kiko wapi?"

Na Kifaru akarudi nyuma hatua tatu, akainamisha pembe tayari kupiga tena.

"Usigonge!" Pimbi alipiga kelele, kwa woga tu, bila mpango wowote. Halafu akaona Kifaru amesimama kumsikiliza, akalazimika kutafuta sababu. "Usigonge, Bwana Mkubwa, utakipasua! Kito ni kigumu, lakini kina tabia ya yai. Kitakaa chini ya mlima miaka elfu, mlima wote umekikalia, nacho kizima. Ukikigonga mara moja tu pahali pabaya, pa! Vipande viwili. Na kito kilichopasuka ni kokoto."

Ndani ya ufa, Kokoto akauliza, "Mama, Baba ananiita?" Mama yake akamziba mdomo.

Kifaru akainua pembe polepole, kama mtu anayejitwika chungu cha maji. "Nionyeshe," alisema.

Wakazunguka nyuma ya jabali. Pimbi mbele, roho mkononi. Kifaru nyuma yake, anakanyaga kwa ncha za kwato ili asikipasue kito. Na juu ya mgongo wa Kifaru, Shashi, macho yake mekundu yametoka kama pete.

Hapo kuna jambo lazima niwaambie. Kifaru haoni. Si kipofu, hapana, lakini ulimwengu wake ni ukungu, na mwenye kuingia ndani yake ni ukungu mweusi zaidi. Hiyo ilikuwa siri yake. Macho yake yalikuwa Shashi. Shashi akiona mwindaji, hupiga kelele, Kifaru anageuka. Kazi yao ilikwenda hivyo miaka saba bila kosa.

Walipofika upande wa machweo, Shashi akatazama, akapiga mluzi. Tsiii!

"Bwana," alisema. "Hapa ni chooni."

Moyo wa Pimbi ukaondoka kwenda kutafuta nyumba nyingine. Basi, akafikiri, yamekwisha. Nimekufa, na Mama Kokoto atawaambia watu nimekufa kwa sababu gani.

Lakini wakati ule ule akakumbuka wachimbaji wawili waliowahi kukaa kivulini mwa jabali lake mchana mmoja wa jua kali. Mmoja alitoa jiwe dogo la kijani mfukoni. Mwenzake akalilamba, akasema, "Baridi kidogo, lakini si kitu." Akalihemea, akasema, "Mvuke umeondoka upesi, lakini si kitu." Akalishika juani, akalirudisha, akasema, "Kipande cha chupa hiki, kaka, katupe." Walibishana mpaka kivuli kikahama, na aliyeondoka na lile jiwe ni yule aliyesema katupe. Aliondoka anakimbia.

Pimbi alikuwa hajui vito. Alichojua kuhusu mawe ni kimoja tu, yaani jiwe lipi lina joto tumboni na lipi halina. Lakini mbio za yule mtu alizielewa.

"Bwana Mkubwa," alisema taratibu, "samahani nikuulize. Huyu ndege ni nani kwako?"

"Ni macho ya... ni mtumishi wangu."

"Basi uwe naye makini. Wenye vito wana desturi yao. Anayekitaka kito hakisifii, anakiponda. Asiyekitaka ndiye husema, lo, kizuri. Ukimsikia mtu anakwambia 'hiki ni uchafu, kiache hapo,' huyo tayari amechagua mahali pa kukificha."

Sikio moja la Kifaru likageuka kuelekea mgongoni mwake.

"Sasa kipime," alisema Pimbi. "Sitaki useme pimbi kanidanganya. Kipime mara tatu. Kwanza, kitazame. Jua liwe nyuma yako. Ndani yake unaona moto mwekundu? Ukisogea kidogo, unaona ule moto unageuka buluu?"

Kifaru akatazama. Aliona ukungu, na katikati yake ukungu mweusi. Lakini nani atakubali mbele ya pimbi kwamba haoni?

"Nauona, nauona!" alisema. "Mwekundu ule pale. Na sasa buluu, aa, buluu ile pale."

"Bwana," alisema Shashi, "ni kitu cheusi tii."

"Umesikia, Bwana Mkubwa?" alisema Pimbi.

"Nimesikia," alisema Kifaru, na sikio la pili nalo likageuka.

"Pili, kilambe. Kito cha uongo hakina ladha. Kito cha kweli hukaa ulimini."

Kifaru akatoa ulimi. Chwaaa! Akatoa tena. Chwaaa! Chwaaa!

"Kina chumvi," alisema, na sauti yake ikalegea, maana katika dunia hii hakuna anachokipenda Kifaru kama chumvi.

"Kitakosaje chumvi!" alisema Shashi, anarukaruka kwa hasira. "Bwana, ni mkojo! Mkojo wa pimbi! Mkojo wa babu yake pimbi!"

"Umesikia, Bwana Mkubwa?" alisema Pimbi.

"Nimesikia," alisema Kifaru.

"Tatu," alisema Pimbi, na hapo hapo akagundua kwamba hana la tatu. Wachimbaji walikuwa wanakihemea, lakini ukoko ule ukiuhemea unatoa harufu mpaka mwenyewe unajutia pumzi yako. Na Kifaru, ambaye hakusubiri kuambiwa, akashusha pua yake juu ya ukoko na kuvuta. Fuuuuu.

Akasimama wima.

"Harufu hii," alisema Kifaru, "naijua."

Hata upepo ulitulia usikie. Pua ya Kifaru haina ukungu. Kile ambacho macho yake hayakioni, pua yake inakijua jina, na jina la baba yake, na alikula nini jana.

"Haya!" Shashi akashangilia. "Pua yako haijawahi kukudanganya, Bwana. Sema mwenyewe. Ni harufu ya nini?"

Ndani ya ufa, Mama Kokoto aliwakusanya watoto chini yake. Juu, Tai alishuka duara moja.

"Ni harufu ya choo," alisema Kifaru.

Pimbi akafumba macho. Akasema lililokuja, maana hakuwa na lingine.

"Naam. Sasa nikuulize, Bwana Mkubwa. Mpaka wa nchi yako unauwekea alama ya nini?"

Kifaru akafikiri. "Kinyesi changu," alisema. "Lundo kubwa. Linanuka mpaka mbali."

"Kwa nini?"

"Ili kila anayepita ajue hapa pana mwenyewe."

"Ahaa. Na ardhi isiyonuka?"

"Ni ya yeyote."

"Na kito kisichonuka?"

Ungeweza kusikia mawazo ya Kifaru yakigeuka ndani, ngr, ngr, kama jiwe la kusagia.

"Ni cha yeyote," alisema hatimaye. "Ni cha kuokota."

"Mimi sisemi kitu," alisema Pimbi. "Umesema mwenyewe."

"Bwana!" Shashi alikuwa sasa anapiga kelele sikioni mwake. "Bwana wangu, nisikilize! Kitu hiki hakina thamani! Ni uchafu! Kiache hapo twende zetu!"

Hakuna neno alilosema Shashi siku ile ambalo halikuwa la kweli, na hakuna lililomsaidia. Kifaru alitikisa shingo, pembe ikakata hewa, fyaaa!

"Unakitaka!" alinguruma. "Ndiyo maana unakiponda! Mara nne umekiponda! Ondoka mgongoni kwangu!"

"Mimi ni macho yako, Bwana. Miaka saba."

"Nenda ukawe macho ya mwingine."

Shashi akakaa bado kidogo, kama mtu aliyesahau kitu ndani ya nyumba. Halafu akaruka. Akaenda kwa Nyati, na Nyati akampokea, maana Nyati hana kito, ana kupe tu. Pimbi alimtazama akienda. Alitaka kufurahi, lakini furaha haikuja.

"Nipe," alisema Kifaru. "Chote."

"Siwezi kukataa, Bwana Mkubwa. Lakini kito hakinyang'anywi, kitapoteza mwanga. Lazima mwenyewe akitoe kwa hiari, na lazima alie. Muuzaji asipolia, mnunuzi amepunjwa."

"Basi lia."

Pimbi akalia. Kwiii! Kwiii! Wala haikumpa shida, alikuwa na machozi ya kutosha tangu asubuhi. Lakini Kifaru akatega sikio. "Na familia?"

Pimbi akaita, "Mama Kokoto! Kito chetu kinakwenda! Lieni!"

Ndani ya ufa, Mama Kokoto alikuwa amesikia yote. Alikuwa amelala chali, ameuma mguu wake mwenyewe ili asicheke. Alipoambiwa alie, kicheko kikatoka chote kwa pamoja. Kwi-kwi-kwi-kwi! Watoto nao wakaangusha vicheko. Kwi-kwi-kwi! Jabali zima likaitika. Na kama hujui, kilio cha pimbi na kicheko cha pimbi vimefanana sana, hata pimbi wenyewe hukosea msibani.

"Wana uchungu mkubwa," alisema Kifaru, ameridhika.

Akaanza kazi. Akainamisha pembe, si kwa kugonga, bali kwa kukwangua, polepole, kama mwanamke anayekwangua ukoko wa wali chunguni. Kwaru, kwaru, kwaru. Kipande kikitoka, analamba chumvi iliyobaki mwambani, anakishika kwa midomo, anakipeleka kwenye mgunga wake, anarudi. Kwaru, kwaru, kwaru. Anakwenda, anarudi. Alikwangua wa Pimbi. Akakwangua wa baba yake Pimbi. Akakwangua wa babu. Jua lilipoanza kuinama alikuwa amefika kwa mababu ambao hata majina yao yamesahaulika.

Alipochukua kipande cha mwisho, Pimbi alisimama juu ya jabali akimtazama. Hatari imepita. Nyumba ni nzima. Hapo mdomo ukaanza kumuwasha.

"Bwana Mkubwa!" aliita. "Na hiyo bado si kitu! Mjomba wangu kule kilima cha pili ana..."

Mama Kokoto alitoka kama risasi. Angekuwa na mkia, angemvuta mkia. Alimvuta mguu, akamwangusha kifudifudi.

"Ana nini?" aliuliza Kifaru kutoka mbali, mdomo umejaa.

"Ana mafua, Bwana Mkubwa!" alijibu Mama Kokoto. "Safari njema!"

Gu, gu, gu. Akaenda zake.

Jioni hiyo jua lilipiga upande wa machweo, kama kawaida yake. Changarawe alikwenda kujisaidia. Akarudi bila kujisaidia.

"Baba, njoo uone. Chooni pamewaka."

Wakaenda wote. Pale ulipokuwa ukoko, mwamba ulikuwa mtupu, umeoshwa na ulimi wa Kifaru. Na ndani ya mwamba, vimejipanga kama punje za mahindi kwenye gunzi, vilikuwa vijiwe vya kijani. Kijani kama majani ya kwanza baada ya mvua. Kila kimoja kilikuwa na jua lake dogo ndani.

Pimbi akakilamba kimoja. Baridi, na baridi haikuondoka. Akakihemea. Mvuke ukaja, ukatoweka kabla hajafumba mdomo. Akakikwaruza kwa ukucha, ukucha ukaumia. Yeye, bingwa wa vito, aliyeketi kisimani akiwafundisha watu akiki na feruzi, alikuwa amekojolea zumaridi, au ndugu yake zumaridi, kila asubuhi tangu azaliwe.

"Mama Kokoto," alinong'ona. "Ni chenyewe."

"Kinaliwa?" aliuliza mkewe.

"Hakiliwi."

"Ukikilalia kina joto?"

"Baridi kama tumbo la chura."

"Basi ni cha kazi gani?"

Pimbi akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Cha kusifiwa," alisema.

Mama Kokoto alimtazama, kisha akatazama ule ufa mpya kwenye dari la nyumba yao. Kisha akageuka, akainua miguu yake ya nyuma, akawaonyesha watoto mfano mwema. Watoto wakamfuata kwa umri: Kokoto, Changarawe, Mchanga. Ilikuwa foleni ya heshima. Pimbi alibaki wa mwisho. Alivitazama vile vijiwe kwa mara nyingine, akavuta pumzi, akafunga macho. Halafu naye akatoa mchango wake.

Na Kifaru? Kifaru alikificha kito chake mahali ambapo hakuna mwizi atakayetia mkono, ndani ya lundo la kinyesi chake mwenyewe. Siku tatu baadaye hakuweza kujua kipi ni kipi. Vyote vilikuwa vinanuka, kwa hiyo vyote vilikuwa na mwenyewe. Ndiyo maana mpaka leo Kifaru akijisaidia huchakura kwa miguu, chaka, chaka, anatawanya huku na huku. Watu husema anatia alama ya mpaka. Anatafuta. Na ukipita karibu anakukimbilia kwa pembe, maana Shashi alirudi baadaye, lakini siku hizi hugawa siku zake kati ya Kifaru na Nyati, na siku asipokuwepo kila anayepita anafanana na mtu anayekitaka.

Sasa funzo. Hadithi bila funzo huwafanya wakubwa wawakataze watoto kuisikiliza, basi nalitoa. Funzo ni kwamba uongo haufai, na msema kweli siku zote hupendwa na watu. Ndiyo, ndiyo, najua mnachotaka kusema. Shashi alisema kweli mara nne akafukuzwa mara moja, na Pimbi hadi leo anaota jua. Lakini hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Mimi mwenyewe nalisema funzo hili mara nyingi, na kila nikilisema huwa natazama kando.

Hadithi naiweka chini!

— Tumeiona!

Atakayeiokota?

— Aioshe kwanza!

Imekwisha. Ila naona kuna mmoja pale nyuma hajainuka, anataka kujua kama Pimbi aliweza kunyamaza. Nitamwambia, kisha tulale. Kesho yake asubuhi upepo ulivuma kutoka kisimani, ukaleta sauti ya Mbuni anasifia yai lake. Pimbi alivumilia. Upepo ukaleta sauti ya Nungunungu. Pimbi alivumilia. Halafu upepo ukaleta kimya cha Twiga. Hapo Pimbi akainuka, akajipangusa tumbo, akasema anakwenda kunyoosha miguu kidogo tu. Alipofika kwenye kizingiti, Mama Kokoto alikuwa amekaa hapo hapo katikati ya mlango, anaota jua, amefumba macho. Hakuyafumbua. Alisema, "Baba Kokoto, maneno yakikujaa, usiende kisimani. Nenda chooni."